Magazini ya Risasi Thelathini

Perley Mills
2 Aprili

Kwa Mheshimiwa Corinne Lussier, Mwakilishi wetu katika Bunge la Jimbo,

Sitakuita shemeji leo. Nikikuita shemeji nitamkumbuka marehemu ndugu yangu, nitalainika, na mimi sitaki kulainika kabla sijamaliza kukwambia yaliyonijaa kifuani.

Niliendesha gari saa moja na nusu kwenye tope hili la masika kuja huko bungeni kuupinga ule mswada wenu wa magazini za bunduki. Tulikuwa zaidi ya watu mia sita, wote na vizibao vyetu vya rangi ya chungwa, vile tunavyovaa msituni ili tusidhaniane kulungu. Nilikaa kwenye benchi saa nne nzima, nikapewa dakika mbili. Dakika mbili, Corinne! Nikichelewa kuwasha gari la zimamoto kwa dakika mbili, nyumba ya mtu imekwisha, lakini kwenu huko dakika mbili zinatosha kusikiliza maisha yangu yote.

Nikasema jina langu. Nikasema nimekuwa mkuu wa zimamoto wa kujitolea kwa miaka kumi na tisa. Nikasema magazini zangu za risasi thelathini zimelala kabatini miaka yote na hazijamdhuru hata kuku, na sijui ni kosa gani nimefanya mimi hata serikali inipimie risasi kijiko kwa kijiko kama mgonjwa wa sukari. Nikakutafuta kwa macho. Ulikuwa umeinama unasoma makaratasi. Siku nne baadaye ukapiga kura ya ndiyo.

Oktoba ya mwaka juzi ulisimama jalalani Jumamosi asubuhi kuomba kura, kama wanavyosimama wagombea wote wa mji huu, watu wakishusha mifuko yao ya taka na wewe ukiwashika mikono. Nilikuuliza mbele ya Hester, mwuza tiketi wa kikosi chetu, utagusa bunduki zetu? Ukanijibu, "Royce, kwani mimi niliolewa kwenye ukoo gani?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka kama mpumbavu. Nikaenda kupigilia mabango yako kwenye uzio wangu mwenyewe kwa misumari yangu mwenyewe.

Umetudanganya. Nimeona nikuandikie kwanza wewe, kabla sijaliandikia gazeti.

Royce Lussier


Chumba cha kupanga, mji mkuu
9 Aprili

Shemeji Royce,

Nakuita shemeji, upende usipende. Jina la ukoo wenu ndilo lililoko kwenye hundi zangu, kwenye leseni yangu, na kwenye jiwe la kaburi nililolichagua mimi.

Ni kweli, nilisema vile jalalani. Sitakataa wala sitatafuta maneno ya kukwepea. Siku ile nilikuwa sijasoma nilichokuja kukisoma mwaka huu.

Unasema niliinama nikisoma makaratasi ulipokuwa unazungumza. Unajua yalikuwa nini? Yalikuwa maelezo ya polisi kuhusu yule kijana aliyekamatwa kabla hajafika shuleni kuua wenzake. Redioni mlisikia sentensi tatu, mimi nilisoma kurasa alizoandika kwa mkono wake. Alikuwa amepiga hesabu, Royce. Alijua magazini ngapi, na alijua ni sekunde ngapi zinapotea mtu anapobadilisha moja kuweka nyingine. Zile sekunde zilimuudhi. Mimi nikaona kama zinamuudhi yeye, basi ndizo ninazozitaka.

Magazini ulizonazo ni zako, hakuna atakayegonga mlango wako. Sheria inasema kuanzia tarehe mosi Oktoba mtu asiuze, asinunue wala asimpe mwingine magazini ya bunduki inayozidi risasi kumi. Basi. Na wewe mwenyewe ndiye uliyekuwa ukimwambia marehemu mume wangu Alden kwamba anayehitaji risasi ya nne kumwangusha kulungu aache kuwinda akanunue nyama dukani.

Liandikie gazeti ukitaka. Usisahau kuandika na hilo.

Corinne


Perley Mills
18 Juni

Mheshimiwa,

Unanitolea mzaha wangu mwenyewe kama ushahidi! Nilikuwa nazungumzia kulungu, na haki yangu haikuandikwa kwa ajili ya kulungu. Na unisikilize vizuri kuhusu yule kijana. Alikamatwa kwa sababu rafiki yake alisema na polisi wakaenda. Watu walifanya kazi yao, sheria zilizokuwepo zikatosha. Halafu ninyi mkamwacha yeye, mkageuka mkanitazama mimi.

Gavana ametia saini, sawa. Nataka ujue tulichofanya. Jumamosi iliyopita tulikuja kwenye majani ya mbele ya bunge lenu na magari matatu ya magazini za thelathini, tukazigawa bure kwa yeyote mwenye umri unaoruhusiwa. Zilikwisha kabla ya saa sita. Bibi mmoja mwenye fimbo alichukua mbili, na hana hata bunduki, akasema atapandia maua. Ulipita? Au ulijifungia ofisini?

La pili ni hili. Kamati ya kikosi cha zimamoto imekaa kuchagua bunduki ya bahati nasibu yetu ya kuchangisha fedha mwaka huu. Miaka yote tunatoa bunduki ya kulungu yenye kitako cha mbao. Mwaka huu nimewaambia hapana. Tumenunua ile nyeusi, ya kisasa, na tumechapisha kwenye kila tiketi kwa herufi kubwa: PAMOJA NA MAGAZINI YA RISASI THELATHINI. Hester anasema hajawahi kuuza tiketi haraka hivi. Watu waliotoka Boston kununua mashamba huku wananuna wakipita, na bado wananunua, kwa sababu nyumba zao nazo zinaungua.

Royce


Perley Mills
20 Septemba

Shemeji,

Nyumba zetu zimetengana maili tatu na ninakuandikia kwa stempu, kwa sababu juzi nilikupungia mkono dukani ukageukia rafu ya misumari ukaisoma kama gazeti.

Nisikilize mara hii tu. Karamu ya pai za kuku, mnapochezesha bahati nasibu, ni tarehe kumi na tatu Oktoba. Sheria inaanza tarehe mosi. Ukisimama jukwaani ukamkabidhi mshindi ile bunduki na ile magazini, umevunja sheria mbele ya watu mia mbili wenye simu mikononi. Mtu akitiwa hatiani hawezi kuwa mkuu wa zimamoto. Hilo limo kwenye kanuni za mji, na ukiniuliza nani aliliandika, aliliandika baba yenu.

Kuna njia mbili rahisi. Chezesha bahati nasibu Septemba hii hii, au itoe magazini uweke ya kumi na mshindi aambiwe pole. Nakuomba. Mji huu hauna mtu mwingine wa kuingia kwenye moshi kabla ya wenzake. Nisingependa wakupoteze kwa ajili ya kipande cha bati.

Corinne


Perley Mills
24 Septemba

Mwakilishi,

Kwanza unatunga sheria, kisha unanifundisha jinsi ya kuipitia chini. Una roho ngumu wewe mwanamke.

Bahati nasibu inachezeshwa kwenye karamu ya pai, na karamu ya pai ni Jumamosi ya pili ya Oktoba. Ilikuwa hivyo babu alipokuwa hai, ilikuwa hivyo mwaka wa mafuriko, ilikuwa hivyo mwaka aliokufa Alden. Maboga yanakuwa tayari wiki hiyo, na kuku wa Hester pia. Bunge lako halitahamisha maboga.

Tiketi imeandikwa thelathini, kwa hiyo mshindi atapata thelathini. Wamelipia hicho. Na kuhusu kunikamata, nani amekwambia naogopa? Nataka wanikamate! Nataka nisimame mbele ya hakimu nikiwa na kizibao changu cha chungwa na nimuulize aniambie nimemdhulumu nani. Kesi yangu ipande ngazi moja baada ya nyingine mpaka kwenye mahakama ya juu kabisa, waivunje hiyo karatasi yenu vipande vipande. Hiyo ndiyo haja yangu. Ukuu wa zimamoto nitautoa kwa hilo, roho ikiniuma.

Kwa hiyo njoo karamuni ule pai yako utazame.

Royce


Perley Mills
15 Oktoba

Corinne,

Sijui nianzie wapi, nina hasira hata kalamu inachana karatasi.

Nilitia mkono ndani ya pipa, nikakoroga, nikatoa tiketi, nikaisoma kwa sauti kabla macho yangu hayajaelewa. "Alden Lussier." Nilidhani Hester ananifanyia mzaha mchafu, nikageuka kumtukana, nikamwona amefunika uso kwa aproni. Ndipo wewe ukasimama, kule mwisho, karibu na sufuria ya kahawa.

Sikuwa na njia nyingine ya kufanya. Watu walikuwa wananitazama, na jina la ndugu yangu lilikuwa bado liko hewani. Nikakupa. Bunduki na magazini yake, mikononi mwako, na wewe ukapokea. Ukasema "Ahsante, Royce," ukaenda kukaa nayo mapajani kama umeshika mkoba wa kanisani.

Kwa nini ulichukua? Ungesema hapana! Ungesema, weka mezani, nitakuja baadaye. Wewe ndiye uliyeipigia kura ile sheria, unaijua nukta kwa nukta. Nilikuwa nimejitayarisha tangu Juni kumkabidhi Gagnon, au Pelkey, au mtu yeyote wa upande wetu. Sikujitayarisha kukukabidhi wewe. Kuna mgeni alipiga picha za video, na sasa nchi nzima inatucheka. Ulitaka kunifanya kinyago?

Royce


Perley Mills
17 Oktoba

Shemeji,

Kila mwaka Alden alikuwa akinunua tiketi tano. Tangu alipofariki naendelea kununua tano, kwa jina lake. Ni miaka minne sasa. Hester anajua, wewe hukujua kwa sababu sikutaka unionee huruma. Wala sikuwahi kufikiri jina lile linaweza kutoka. Hakushinda hata siku moja akiwa hai, maskini, na alikuwa akilalamika njia nzima kurudi nyumbani.

Ungetaka nikatae nini pale? Uliita jina la mume wangu, nikainuka kabla sijafikiri. Nilipofika mbele niliona bado umeikodolea macho ile tiketi. Nimekuona ukimtoa mtu chini ya trekta bila kusita hata kidogo. Sikuweza kukuacha umesimama peke yako na ile bunduki.

Simu yangu haipumziki. Wenye chungwa wananiita mnafiki, wenzangu bungeni wananiita msaliti, na wote wana haki ya kusema. Askari wa jimbo alikuja jana, kijana mpole, akaichukua magazini akaitia kwenye mfuko wa karatasi, akaomba radhi mara tatu. Atakuja kwako. Tafadhali usimwambie neno mpaka upate wakili. Tafadhali, Royce.

Corinne


Perley Mills
22 Oktoba

Corinne,

Umechelewa. Nimemwambia yote. Nimemkaribisha jikoni, nikampa kahawa, nikamwambia aandike: mimi Royce Lussier nilitoa kwa mkono wangu, kwa kujua, kwa makusudi, baada ya tarehe mosi. Nikatia saini kwa herufi ambazo hata kipofu angezisoma. Akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia kijana, tangu Aprili sijawahi kuwa na uhakika kama leo.

Chama cha wenye bunduki kimepiga simu. Wataleta wakili wao, hatanidai chochote, wanasema wamekuwa wakitafuta kesi kama hii: mzimamoto, hana doa, karamu ya pai. Tumepata kesi! Wewe utaitwa kuwa shahidi. Utakaa kwenye kile kiti, utainua mkono, na utasema mbele ya wote kwamba ulinitazama nikifanya. Na nitapenda wakuulize, mama, huyu mtu aliyekukabidhi ni mhalifu? Nataka nisikie utakavyojibu.

Royce


Perley Mills
9 Novemba

Shemeji Royce,

Umeshasikia kwamba nimeshindwa uchaguzi wa Jumanne kwa kura thelathini na moja. Ulikuwa umesimama mlangoni pa ukumbi wa kupigia kura na bango, nilikuona, na nakiri bango lilikuwa limeandikwa vizuri.

Kuna jambo ambalo hujasikia, na nataka ulisikie kwangu. Jana nilikwenda kwa mwendesha mashtaka wa kaunti. Naye ni mtu wa kuchaguliwa, ana kura zake za kulinda. Alikuwa na mafaili mawili mezani, lako na langu, na alikuwa anayatazama kama mtu aliyeletewa sahani mbili za chakula kilichochacha. Kukushtaki wewe ni kukipa kile chama chako jukwaa, na yeye atachukiwa na kila mwenye kizibao cha chungwa. Kutoshtaki yeyote ni kuifanya sheria ionekane kikaragosi. Nikamwambia afungue langu.

Nimekiri kosa la kupokea. Imechukua dakika kumi. Nimetozwa faini, nimelipa, na magazini imekatwa vipande viwili kwa msumeno mbele yangu. Faili lako limefungwa, hutaitwa. Utabaki mkuu wa zimamoto.

Najua utanichukia. Nilipiga kura ile sheria iwepo, na ningeipigia tena kesho. Sasa ikitaka mtu wa kwanza wa kumshika katika kaunti hii, nani mwingine awe? Yule aliyekuwa anagawa pai?

Usiniulize nilijazaje fomu ya kukiri kosa.

Corinne


Perley Mills
13 Novemba

Corinne,

Umeniibia kesi yangu. Naandika tena ili uisome mara mbili: umeniibia kesi yangu! Miezi saba nimelala nayo, nimeamka nayo. Yule wakili wa chama aliponipigia kuniambia hakuna tena cha kutetea, nilitupa kikombe kikapiga jiko.

Nikaenda kwa mwendesha mashtaka. Nikamwambia nishtaki. Akasema, "Nenda nyumbani, Mkuu, msimu wa kulungu umefunguliwa." Nikanyoosha mikono mbele ya meza yake, hivi, kama mtu anayengoja pingu, na katibu wake akatazama pembeni kwa kunionea aibu. Miezi saba napiga kelele kwamba wanakuja kutukamata, na nilipopeleka mikono mwenyewe hakuna aliyeitaka. Jambo hilo limeniuma kuliko kama ningekamatwa. Sheria yako imeanza kazi mwezi wa pili huu, na mtu pekee iliyemshika katika kaunti nzima ni mjane wa ndugu yangu.

Jumapili wenzangu walikuwa wamekaa kituoni wanakunywa kahawa, Gagnon na wengine, wakaanza kukucheka. Gagnon akasema afadhali, ameonja sumu yake. Nami nilikuwa nimesema maneno hayo hayo wiki ile ile. Lakini nilipoyasikia kinywani mwake niliinuka nikamwambia atoke. Akadhani natania. Nikamtoa kwa kola.

Kisha leo nimekwenda mahakamani kuomba nakala ya ile fomu uliyonikataza kuuliza. Ni karatasi ya wazi, mtu yeyote anapewa. Kuna mstari unauliza jina la aliyekukabidhi kitu kilichokatazwa. Umeandika: Alden Lussier.

Nimekaa kwenye ngazi za mahakama nikaisoma mara tatu. Alden! Aliyekuwa akisimamisha gari kwenye alama ya kusimama hata barabara ikiwa tupu maili mbili mbele na nyuma. Najua utasema tiketi ilikuwa yake na zawadi ilikuwa yake, kwa hiyo imekufikia kutoka kwake. Na yule mwendesha mashtaka alijua, kila mtu kwenye chumba kile alijua, na wakapiga muhuri. Umemfanya marehemu asimame mahali pangu ili mimi nibaki na kofia yangu nyekundu ya zimamoto. Sikukuomba! Nina hasira na wewe ambayo sijawahi kuwa nayo hata siku ya kura. Na kwa sababu sina mtu mwingine wa kumwambia, nakwambia wewe mwenyewe, nililia pale kwenye ngazi, watu wakipita na bahasha zao.

Saa nane mchana wa leo nimekabidhi redio, kofia na funguo za gari la zimamoto kwa kamati ya mji. Nimeandika sababu kwa ufupi, watazisoma kwenye gazeti Alhamisi. Kwa hiyo mimi si mkuu wa kitu chochote tena, na wewe si mwakilishi wa mtu yeyote, na huna tena cha kunilindia.

Sheria yako nitaipinga mpaka nizikwe, na najua wewe utaitetea mpaka uzikwe. Tutagombana vizuri, tuna miaka. Lakini kesho mahakama inafunguliwa saa mbili asubuhi. Nitakupitia saa moja na robo, uwe umevaa. Tutaingia wote wawili, na utaomba kalamu kwa karani, na utamtoa ndugu yangu kwenye mstari ule.

Niandike mimi.

Royce